Mutoto Asiyeshika Maneno Yetu, Tumwonyeshe kwa Picha

Ndugu na dada, na ninyi kina mama munaongojea dawa kwenye baraza ya hospitali, leo sitaandika juu ya homa wala juu ya minyoo. Nataka kusema juu ya mutoto ambaye masikio yake ni mazima, lakini maneno yetu hayamufikii. Makanisa mengi yana mutoto kama huyo. Pengine siku ya yenga anaachwa nyumbani na mulango unafungwa, kusudi watu wasimwone. Mimi nasema kwamba mutoto huyo anaweza kusaidiwa kutuelewa, na njia moja nzuri ya kumusaidia ni picha. Tena nasema kwamba wanaopaswa kujifunza kwanza ni sisi wakubwa, siyo yeye.

Nitawaambia namna nilivyofundishwa jambo hili, maana sikulijua.

Siku moja mama mumoja alileta mutoto wake mwanaume wa miaka 6. Mikononi mwa mutoto kulikuwa na vidonda vya kamba. Alikuwa hasemi. Ukimwita jina, hageuki. Akisikia neno, pengine analirudilia kama lilivyo, halafu anakwenda zake kuzungusha kifuniko cha chupa. Watu wa jamaa walisema kwamba ni mulozi. Wakamupeleka kwenye nyumba moja ya maombi, na huko alifungwa kamba na kunyimwa chakula siku tatu, ili pepo atoke. Mama alimutoa usiku na kukimbia naye.

Nilitaka kuosha vidonda. Nikamwambia mutoto, "Njoo ukae hapa, usiogope, tutakuosha, tutatia dawa, halafu utakwenda nyumbani na mama." Maneno yangu yalikuwa mazuri, na niliyasema kwa upole. Lakini mutoto alipiga kelele na kujitupa chini. Nikayasema mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Akaniuma mukono. Mara ya tatu nilikasirika, nikasema, "Nyamaza! Kaa!" Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Ndipo mama akasema, "Munganga, yeye hashiki maneno mengi. Umwonyeshe." Akachukua beseni akaliweka mbele ya macho ya mutoto, akasema neno moja tu, "Maji." Akaonyesha kitenge chake cha kubebea mizigo, akasema, "Nyumbani." Mutoto akatazama beseni, akatazama kitenge, akapunguza kilio. Mama huyu hakusoma shule hata mwaka mumoja. Lakini alikuwa ametengeneza luga kwa mutoto wake, yeye peke yake, pale ambapo sisi wote tulikuwa tukipiga kelele.

Nikapasua kartoni ya sanduku la dawa, nikachora vitu vitatu kwa kalamu ya biki: beseni, kitambaa cha kufunga kidonda, na nyumba. Nyumba yangu ilifanana na kofia, lakini haizuru. Nikagusa beseni na kusema, "Maji." Nikagusa kitambaa, "Kufunga." Nikagusa nyumba, "Nyumbani." Siku ile alilia mpaka mwisho. Siku ya pili alilia kidogo. Siku ya nne alikaa mwenyewe, akaweka kidole juu ya nyumba, akaniangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia. Nikamwambia, "Ndiyo. Maji, kufunga, halafu nyumbani." Akanyoosha mikono yake yenye vidonda.

Hali hii ni nini?

Waganga wanaiita otisimu. Siyo ugonjwa wa kuambukiza, wala siyo laana, wala siyo matunda ya uzinzi wa mama. Ubongo wa mutoto umejengwa kwa namna nyingine tangu mwanzo wa uhai wake, na mara nyingi jambo hili linaonekana katika jamaa moja zaidi ya mara moja. Mwaka 1943 munganga Leo Kanner, wa mji wa Baltimore kule Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Kati yao walikuwamo waliozaniwa kuwa viziwi. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba katika mwaka 2021 karibu mutu 1 kati ya watu 127 alikuwa nayo. Basi muhesabu wenyewe: pale wanapokusanyika watu 500, pengine wanne ni wa namna hii.

Watoto hawa hawafanani. Wengine wanasema maneno mengi, wengine hawasemi hata neno. Wengine wanarudilia maneno kama mwangwi. Ukimwuliza, "Unataka maji?" anajibu, "Unataka maji?" Nasi tunazani anatuchezea, kumbe pengine anatuomba maji kwa njia aliyo nayo. Wengi hawapendi mambo kubadilika kwa gafula. Kelele ya ngoma ao ya watu wengi inawaumiza. Na wengi wanashika vizuri zaidi kile wanachokiona kuliko kile wanachokisikia.

Muwaze kidogo sababu yake. Neno likitoka kinywani, mara moja limekwisha. Halikai hewani. Kama mutoto alichelewa kulisikiliza, ao alikuwa akitazama kifuniko chake, neno limempita na haliwezi kurudi. Ukilirudilia kwa hasira, anasikia hasira, hasikii neno. Lakini picha inangoja. Anaweza kuitazama, kuiacha, na kuirudilia, nayo ni ile ile. Ni kama neno lililoketi kumungojea.

Hapa kwetu kuna shida nyingine tena. Nyumbani mutoto anasikia luga ya kabila. Sokoni anasikia Kiswahili, "maji". Shuleni mwalimu anasema kwa Kifaransa, "eau". Mujomba wake aliyefanya kazi Kinshasa anasema kwa Kilingala, "mai". Watoto wengine wanashika zote bila taabu. Lakini huyu anayekamata neno moja kwa jasho, tunamutupia maneno manne kwa kitu kimoja! Picha ya kikombe chenye maji ni moja katika luga zote. Basi kila mutu aseme kwa luga yake, lakini wote waguse picha ile ile.

Picha si jambo geni kwetu

Wengine wataniambia, "Munganga, hayo ni mambo ya wazungu." Lakini mutazame kuta za hospitali. Tunapofundisha juu ya nzi na choo, tunaonyesha picha. Tunapofundisha mama wenye mimba, tunaonyesha picha ya mutoto tumboni. Na ninyi walimu wa shule ya yenga, munajua kile kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tu. Rangi zake za kwanza zilitoka katika mahubiri ya Charles Spurgeon kule London mwaka 1866. Hakuna aliyesema kwamba rangi zile zinawafanya wasikilizaji kuwa wajinga. Kama mutu mukubwa mwenye akili nzima anasaidiwa na picha, sababu gani tumunyime mutoto ambaye anaihitaji kama mwenye mukongojo anavyohitaji mukongojo wake?

Wengine wanasema, "Akizoea picha, atakuwa muvivu wa kusema." Neno hili nalisikia mara nyingi, hata kutoka kwa walimu. Linaonekana kuwa na akili, lakini si kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikusanya uchunguzi mbalimbali juu ya watu wenye shida ya kusema waliopewa picha, ishara za mikono na musaada wa namna hiyo. Katika watu 27 ambao habari zao zilikuwa zimechunguzwa kwa uangalifu zaidi, hakuna hata mumoja aliyepunguza kusema. Karibu 9 katika kila 10 walisema zaidi kuliko mbele, ingawa wengi waliongeza kidogo tu. Picha haizibi kinywa.

Wengine wanasema, "Hatuna feza." Kartoni ya sabuni inatupwa kila siku. Makala yako jikoni. Ukiwa na simu yenye kupiga foto, ni vizuri. Usipokuwa nayo, tumia kitu chenyewe.

Namna ya kufanya

Kwanza, mulete mutoto hospitalini apimwe masikio. Homa kali ya malaria iliyoingia kichwani, ugonjwa wa uti wa mugongo, na usaha wa masikio vinaweza kuharibu kusikia. Kiziwi anahitaji luga ya mikono, asicheleweshwe. Tena watoto wengine wenye otisimu wana kifafa pia. Dawa ya kifafa isiachwe hata siku moja kwa sababu ya picha ao kwa sababu ya maombi.

Pili, muanze na vitu vyenyewe. Kabla ya kula, mumwonyeshe sahani yake na kusema, "Kula." Kabla ya kuoga, mumupe sabuni mukononi, "Kuoga." Kabla ya kwenda kulala, mukeka wake. Akizoea vitu, mumupe foto ya vitu vile vile. Akizoea foto, muchore. Kuna watoto wanaoweza kuanza na muchoro mara moja, na kuna wengine watakaobaki na vitu kwa mwaka mzima. Musione haya.

Tatu, museme maneno machache, na kugusa picha wakati ule ule wa kusema. Musiseme, "Mwanangu, acha mambo hayo uje upesi kula kwa sababu chakula kinapoa." Museme, "Kula," na kidole juu ya picha. Halafu mungoje. Uhesabu moyoni mpaka kumi. Kungoja huku ni kazi ngumu kwetu kuliko kuchora, lakini mutoto anahitaji wakati ili neno lifike.

Nne, na jambo hili ndilo watu wengi wanalisahau: picha siyo za mutoto kutuomba vitu tu. Kule Delaware, Marekani, mwaka 1985, Andy Bondy na Lori Frost walianza kufundisha watoto kutoa picha mukononi mwa mutu ili kuomba kitu. Ni njia nzuri, imesaidia wengi. Lakini mutoto asiyetuelewa anahitaji pia kwamba sisi tuseme naye kwa picha hizo. Mutoto mwengine anasikia maneno ya mama yake mwaka mzima kabla ya kusema neno lake la kwanza. Huyu naye aone picha zikitumiwa na baba, na mama, na dada yake, siku nyingi, kabla ya kumudai azitumie yeye. Baba akitaka kuonyesha kwamba anakwenda shambani, aguse picha ya jembe. Mama akichoka, aguse picha ya kulala. Luga inajifunzwa kwa kuiona ikitumiwa na watu wanaopendana.

Tano, mumutengenezee mustari wa mambo ya siku. Picha mbili zinatosha kuanza: kwanza hiki, kisha kile. Kwanza dawa, kisha ndizi. Kwanza kanisa, kisha nyumbani. Jambo likikwisha, muigeuze picha chini ili aone limekwisha. Nimeona mutoto aliyekuwa akipiga kelele kila akivishwa nguo, akanyamaza alipojua kwa macho yake nguo zile zinampeleka wapi. Hakuwa mukaidi. Alikuwa kama mutu aliyefungwa macho na kusukumwa njiani.

Sita, muchore vitu vyetu. Ziko picha nzuri zinazotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragón, inchi ya Hispania, chini ya jina ARASAAC. Kwa walio na intaneti, zinafaa sana. Lakini chakula cha mutoto wetu ni bugali na sombe, siyo mukate wenye jibini. Anaoga katika beseni. Mama yake anamubeba na kitenge. Picha isiyofanana na maisha yake ni neno la luga nyingine tena.

Saba, muweke picha ya "inauma", na muchoro wa mwili wa mutu. Mutoto asiyeweza kusema sikio linamuuma atajipiga kichwa ukutani, nasi tutasema ni pepo. Na muweke picha ya "hapana". Mutoto anayeweza kukataa kwa kidole hana sababu kubwa ya kukataa kwa meno. Mimi ninajua neno hili mukononi mwangu.

Ninawaonya pia: musimunyime chakula ao maji ili kumulazimisha atumie picha. Musichukue picha zake kama azabu. Ni sawa na kumufunga mutu kinywa kwa sababu amekosa.

Neno kwa kanisa

Sasa nitasema jambo ambalo litawauzi wengine. Mutoto yule wa vidonda hakufungwa na wapagani. Alifungwa na watu waliokuwa wakiimba nyimbo. Siandiki hili ili kuzarau maombi. Mimi mwenyewe ninaomba pamoja na wagonjwa kila asubui. Lakini zamani, mama mwengine alinijia na mutoto wa namna hii, nikamwombea, nikamurudisha nyumbani bila kumwuliza hata neno moja juu ya mutoto. Hakurudi tena. Sijui kilichompata. Ombi lililotumiwa ili tusifanye kazi ni deni, nami ninalo deni hilo.

Tusizani pia kwamba kushitaki ni zambi ya inchi yetu tu. Kule Marekani Bruno Bettelheim, mwalimu mwenye jina kubwa wa Chicago, mwaka 1967 alitoa kitabu kilichowafundisha watu kwamba mama wa watoto hawa ndio waliowaharibu kwa kukosa upendo. Mama wengi walilia kwa bure, maana baadaye ilionekana wazi kwamba fundisho hilo halikuwa la kweli. Pale walimushitaki mama, hapa tunamushitaki mutoto. Kosa ni moja: tukishindwa kuelewa, tunatafuta wa kumubebesha lawama.

Mujue tena kwamba inchi yetu imelikataza jambo hili. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto uchawi. Sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inasema kwamba anayemushitaki mutoto hivyo atafungwa tangu mwaka 1 mpaka miaka 3, na kutozwa feza. Wachungaji, wazee na mashemasi, muisome sheria hiyo mbele ya watu. Lakini ingekuwa haya kwetu kama tungengoja askari atufundishe kumuhurumia mutoto.

Naomba kila kanisa lifanye mambo matatu. Mutoto huyu aletwe inje ya nyumba alimofichwa. Akae karibu na mulango, mbali na ngoma, na mama yake asitazamwe vibaya anapotoka naye katikati ya mahubiri. Na mwalimu wa shule ya yenga awe na kartoni yenye picha chache: kukaa, kuimba, kuomba, kunywa maji, kwenda nyumbani. Ziwe zile zile anazotumia mama.

Siwaahidi ajabu. Otisimu haiponi kwa picha, na hakuna dawa ya kuiondoa. Mukisikia mutu anayeuza dawa hiyo, mumukimbie. Kazi ya picha ni ya miezi na miaka. Siku zingine mutoto atatupa kartoni motoni, nanyi mutachora ingine. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mutoto anayeishi na watu asiowaelewa, na mutoto anayejua kwamba baada ya dawa ni ndizi, na baada ya kanisa ni nyumbani.

Mutoto yule wa vidonda alirudi mwezi uliofuata. Makovu yalikuwa yamekauka. Mama alikuwa amefunga kartoni zake 9 kwa kamba na kuzivalia shingoni kama mukufu. Mutoto alipofika mulangoni pangu alisimama, akazitafuta mukufuni, akatoa ile ya nyumba niliyoichora mimi, ile yenye kufanana na kofia, akanionyesha. Nilielewa vizuri. Alikuwa akiniambia kwamba leo hakuja kukaa. Nikacheka, nikamwambia, "Ndiyo, nyumbani." Akamushika mama mukono, wakaenda zao.